Igizo Lililozaliwa Mahakamani



Vijana wetu walikuja kutuomba maoni. Wanataka kutunga igizo lenye nyimbo juu ya watetezi wa mazingira wanaoshitakiwa kwa kuandamana. Kabla hawajashika kalamu tuliwasimulia habari ya igizo jingine, na kwa kuwa si wao tu wasioifahamu, tunaiandika hapa.

Tarehe 17 Mei 1968, Wakatoliki 9 waliingia katika ofisi ya kuandikisha askari huko Catonsville, Maryland, nchini Marekani. Walichukua majalada 378 ya vijana waliokuwa tayari kupelekwa vitani Vietnam, wakayachoma nje kwa napalmu waliyoitengeneza wenyewe, kisha wakasali Baba Yetu wakiwangoja polisi. Miongoni mwao walikuwamo padre Daniel Berrigan, Mjesuiti, na nduguye Philip, naye padre. Mume na mke waliowahi kuwa wamisionari wa Maryknoll huko Guatemala (shirika hilo halihitaji kutambulishwa kwa watu wa Musoma na Shinyanga). Na Mary Moylan, muuguzi aliyepata kuhudumu Uganda.

Walishitakiwa Baltimore mwezi Oktoba mwaka uleule. Hawakulikana tendo lao. Walitaka tu kueleza kwa nini. Hakimu aliwasikiliza kwa subira, lakini aliwaagiza wananchi 12 wa jopo kwamba nia njema si utetezi. Wote 9 walipatikana na hatia. Hata hivyo kesi haikumalizika kabla washitakiwa hawajaomba ruhusa ya kusali Baba Yetu mle mahakamani, na hakimu akaridhia.

Kutokana na kumbukumbu za kesi hiyo, Berrigan alitunga tamthilia. Iliigizwa Los Angeles mwezi Agosti 1970, mwezi uleule alipokamatwa baada ya kujificha miezi kadhaa akikwepa kifungo. Mwaka 1971 ilifika New York. Watazamaji wakaketi mahali pa jopo, wala hapakuwa na wa kuwaamuru wasipime nia.

Hatufichi kwamba moto ule unatutatiza. Mali ya umma ni mali ya umma, na makarani wa ofisi ile waliingiwa na hofu bure. Lakini swali la jopo halijazeeka. Oktoba 2019 padre mmoja Mkatoliki na Wakristo wenzake wawili wazee walisimamisha treni jijini London kwa ajili ya tabianchi. Januari 2022 jopo liliwaachia huru. Mwaka 2023, katika mahakama ileile, mshitakiwa mwingine alifungwa wiki 8 kwa kuwatajia wanajopo tabianchi, jambo ambalo hakimu alikuwa amelikataza.

Vijana wamekwenda kuandika. Wamepata washitakiwa wote na kwaya. Wa kucheza hakimu bado hajapatikana, kila mmoja anakataa.