Kuzama, Kupiga Mbizi na Kuibuka: Nyambizi katika Historia ya Vita vya Baharini

Mfasiri apatapo sentensi isemayo kwamba nyambizi fulani ilizama saa nane mchana, yampasa aulize swali ambalo mwandishi wa sentensi hiyo huenda hakulifikiria: je, ilizama kwa hiari au kwa kushindwa? Lugha yetu yatumia kitenzi kuzama kwa mambo yote mawili. Mzamia lulu huzama, kisha akarudi. Jahazi lililotoboka huzama lisirudi. Kwa meli nyingine utata huu hauna madhara, kwani hakuna nahodha wa meli ya mizigo azamaye kwa kupenda. Kwa nyambizi tofauti hiyo ni habari ya kufa au kupona kwa watu waliomo ndani.

Makala haya yanapendekeza kwamba kushuka kwa hiari kuitwe kupiga mbizi, kupotelea majini kuitwe kuzama, au kuzamishwa ikiwa ni kazi ya adui, na kurudi juu kuitwe kuibuka. Neno nyambizi lenyewe latukumbusha mbizi, na kwa hiyo ni bora kuliko maelezo marefu ya "meli ya chini ya bahari" ambayo bado huonekana katika tafsiri. Chini ya bahari kuna mchanga na mwamba, na huko hakijafika chombo chochote. Lakini sababu kubwa ya kuchagua vitenzi hivi hutokana na historia ya chombo hiki, na tuiangalie.

Aliyepiga mbizi huzuia pumzi. Hiyo ndiyo shida iliyowakabili waundaji wote wa mwanzo. Mwaka 1776, wakati makoloni ya Marekani yalipopigana na Uingereza, David Bushnell aliunda chombo cha mtu mmoja kilichoitwa Turtle, maana yake kasa. Sajini Ezra Lee alikiendesha kwa mikono katika bandari ya New York ili atege bomu chini ya manowari Eagle, asifaulu. Karibu miaka 90 baadaye, katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya Kusini yaliunda Hunley, yenye watu 8, ambao wengi wao kazi yao ilikuwa kuzungusha mtaimbo uliogeuza rafadha. Usiku wa tarehe 17 Februari 1864, nje ya Charleston, Hunley iliizamisha manowari Housatonic. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa nyambizi kuzamisha manowari. Waliokufa katika Housatonic ni 5. Hunley nayo haikurudi. Kwa kuwa ilikwisha kuzama mara mbili katika majaribio, ikaua 5 mara ya kwanza na 8 mara ya pili, akiwamo Horace Hunley aliyeipa jina, jumla ya wafu wake wenyewe ilifika 21.

Hapa pana mtego kwa mfasiri. Vitabu vya Kiingereza vya wakati ule husema kwamba Hunley ilishambulia kwa topido. Siku hizo neno hilo lilikuwa na maana ya bomu lolote la majini, hata lile lililotegwa likangoja, na silaha ya Hunley ilikuwa baruti iliyofungwa kwenye ncha ya mti mrefu. Topido tuijuayo sisi, kombora liendalo lenyewe ndani ya maji, ilitengenezwa na Mwingereza Robert Whitehead huko Fiume, mji uitwao leo Rijeka, mwaka 1866. Atakayeandika topido bila maelezo katika habari za 1864 atampa msomaji silaha ambayo ilikuwa haijazaliwa.

Mafuta, betri na topido vilipokutana katika chombo kimoja, kama kile cha John Holland kilichonunuliwa na serikali ya Marekani mwaka 1900, nyambizi ilianza kuogopwa. Tarehe 22 Septemba 1914 nyambizi moja ya Kijerumani, U-9, ilizamisha manowari tatu za Kiingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, katika muda usiozidi saa mbili, wakafa zaidi ya watu 1,400. Hata hivyo msomaji asidhani kwamba chombo hiki kiliishi ndani ya maji. Nyambizi ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, ya aina ya VIIC iliyoundwa kwa wingi kuliko zote, ilikwenda juu ya maji kwa injini za dizeli maili 17 za baharini kwa saa. Ikipiga mbizi, dizeli zilizimwa kwa kukosa hewa, ikategemea betri. Kasi ilishuka hadi 7 na ushei, nayo ni kasi isiyodumu. Kwa mwendo wa maili 4 kwa saa iliweza kwenda maili 80 hivi, yaani kiasi cha saa 20, ndipo ilipobidi kuibuka ili kujaza betri na kuvuta hewa. Kwa hiyo ilisafiri juu, mara nyingi ikashambulia juu usiku, na ilipiga mbizi ili ijifiche. Ilikuwa mpiga mbizi kwa maana kamili.

Udhaifu huo ndio ulioleta mgogoro wa sheria ambao watumishi wa serikali wanaofasiri mikataba hawana budi kuuelewa. Desturi ya zamani iliitaka manowari inayokamata meli ya biashara iisimamishe, iipekue, na iwaweke watu wake mahali salama kabla ya kuizamisha. Manowari kubwa yaweza kufanya hivyo. Nyambizi iliyoibuka, yenye bodi jembamba na nafasi isiyowatosha hata mabaharia wake, ikitii hujiweka mbele ya mzinga wa adui. Isipotii, abiria hufa. Tarehe 7 Mei 1915 U-20 iliipiga Lusitania bila onyo, wakafa watu wapatao 1,200. Tangu Februari 1917 Ujerumani ilishambulia bila mipaka, na Aprili mwaka huo Marekani ikaingia vitani. Mkataba wa London wa 1930, na itifaki yake ya 1936, uliamuru kwamba nyambizi zifuate sheria zilezile za vyombo viendavyo juu ya maji, tena ukasema kwamba mashua za meli si mahali salama ila bahari iwe shwari na nchi kavu au meli nyingine iwe karibu. Vita vilipoanza, Wajerumani hawakuishika sheria hiyo. Wamarekani nao hawakuishika katika Pasifiki, ambako nyambizi zao zilizamisha zaidi ya nusu ya shehena ya meli za Japani zilizopotea. Mahakama ya Nuremberg mwaka 1946 ilimwona jemadari Karl Dönitz kuwa aliivunja itifaki, lakini haikuihesabu hatia hiyo katika kifungo chake, kwa kuwa washindi walikuwa wamefanya vivyo hivyo.

Vita hivyo vilifika kwetu. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, Aprili 1942, meli za kivita za Uingereza zilihamia Kilindini, bandari ambayo jina lake lenyewe lataja kilindi. Mnamo Juni na Julai mwaka huo nyambizi za Kijapani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria ulitoka Mombasa kwenda Colombo, ukilindwa na manowari kubwa Hawkins na mbili nyepesi ziendazo kasi, Petard na Paladin. Katika meli Khedive Ismail walikuwamo watu zaidi ya 1,500: karibu askari 1,000 wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, mabaharia, na wauguzi wanawake. Mchana wa tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Sheria ya 1936 haikuwahusu, kwa kuwa meli ya askari iliyo katika ulinzi wa manowari ni shabaha halali ya vita.

Kilichofuata chaonyesha kwa nini vitenzi vyetu vinahitaji uangalifu. I-27 ilikuwa imepiga mbizi, na watu waliookoka walikuwa wakielea juu ya mahali palepale ilipojificha. Petard na Paladin zilikuwa na meli nne nyingine za kulinda. Zikatupa mabomu ya kulipukia ndani ya maji, na baadhi ya walioelea wakauawa na mabomu ya wenzao. I-27 ililazimika kuibuka. Paladin ilikwenda kuigonga, ikapasuliwa ubavu. Hatimaye Petard iliizamisha kwa topido baada ya kukosa mara kadhaa. Andika habari hii kwa kitenzi kuzama peke yake uone: meli ilizama, nyambizi ilizama, nyambizi ilizama tena. Msomaji hatajua ni nani alikuwa hai wakati gani. Kiswahili kilikuwa lugha ya kawaida ya kambi za askari wale, nao wanastahili kusimuliwa nacho bila utata. Zaidi ya 600 kati yao wanakumbukwa katika mnara wa Afrika Mashariki ulioko kwenye makaburi ya vita jijini Nairobi.

Kuhusu miaka iliyofuata tutasema machache. Tarehe 17 Januari 1955 nyambizi ya Kimarekani Nautilus ilianza safari kwa nguvu za nyuklia, na Agosti 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Mtambo wake haukuhitaji hewa, kwa hiyo hapakuwa tena na haja ya kuibuka ila chakula kinapokwisha. Wako wataalamu wanaosema kwamba ni chombo hiki tu kistahilicho kuitwa cha ndani ya maji, na kwamba vilivyotangulia vilikuwa mashua zilizojua kupiga mbizi. Hoja yao ni ya kweli, lakini sioni haja ya kubuni jina la pili. "Nyambizi ya nyuklia" yatosha. Tarehe 2 Mei 1982 nyambizi ya namna hiyo, Conqueror ya Uingereza, iliizamisha manowari General Belgrano ya Argentina, wakafa watu 323.

Kimebaki kitenzi kimoja. Chombo kilichozama, kikainuliwa kwa nyaya na mitambo, hakikuibuka, kiliopolewa. Hunley iliopolewa tarehe 8 Agosti 2000, mabaharia wake wangali ndani, wakazikwa Charleston mwaka 2004. Siku nne baada ya kuopolewa kwake, nyambizi ya Kirusi Kursk, iliyokuwa imepiga mbizi katika mazoezi, ililipuka na kuzama na watu 118. Sehemu yake kubwa iliopolewa Oktoba 2001.