Historia ya Hospitali Itundikwe Ukutani

Twataka historia ya hospitali zetu itundikwe ukutani, kila apitaye aisome. Kule Lubumbashi, hospitali ya weusi wa enzi za ukoloni, iliyoitwa Prince Léopold, sasa huitwa Jason Sendwe. Huyo alikuwa msaidizi wa waganga kabla ya kuingia siasa, akauawa mwaka 1964 mjini Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Wagonjwa wangapi walalao mule wanalijua hilo?

Kwetu Shituru, kiwanda cha Union Minière kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Kampuni iliwatibu wafanyakazi, wake zao na watoto. Picha za wakubwa zitapatikana kwa urahisi. Mzalishaji na mfagiaji je? Nyuso zao zimo katika foto zilizofungwa masandukuni mwa wazee, nao wazee wanapungua.