Uzi wa Kitanzi: Dalkon Shield na Upimaji wa Madhara ya Vitanzi vya Uzazi wa Mpango, 1970–1986

Sehemu hii inachunguza historia ya Dalkon Shield, kitanzi kilichouzwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1971 hadi 1974. Hoja inayotetewa ni kwamba madhara yake makubwa yalichangiwa zaidi na uzi wake, wala si na njia yenyewe ya kitanzi; na kwamba kutotofautisha mambo hayo mawili kuliwapunguzia wanawake uhuru wa kuchagua.

Mwaka 1970, daktari Hugh Davis wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alichapisha makala yaliyodai kuwa asilimia 1.1 tu ya watumiaji walipata mimba. Makala hayo hayakueleza kwamba mwandishi alikuwa na maslahi ya kifedha katika kifaa hicho.

Vitanzi vingine vilikuwa na uzi wa unyuzi mmoja. Uzi wa Dalkon Shield ulikuwa na mamia ya nyuzi nyembamba ndani ya ala ya nailoni. Nyuzi hizo zilifyonza majimaji ya ukeni kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa, na hivyo kupandisha bakteria hadi katika mji wa mimba. Waliopata mimba kitanzi kikiwa ndani walikabiliwa na maambukizi na kuharibika kwa mimba. Baadhi yao walifariki.

Uuzaji ulisitishwa Juni 1974. Sheria ya wakati huo haikudai kifaa cha aina hiyo kithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa. Pengo hilo lilishughulikiwa na marekebisho ya mwaka 1976. Kampuni ya A. H. Robins, ikilemewa na kesi, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 1985. Mwaka 1986 kampuni ya Searle nayo iliondoa vitanzi vyake vya shaba katika soko la Marekani, ingawa havikuwa na uzi wa aina hiyo.

Kwa hiyo, ni muhimu kutenganisha madhara na maudhi madogo madogo. Kitanzi cha shaba huweza kuongeza damu ya hedhi na maumivu. Cha homoni hupunguza hedhi, ingawa huweza kuleta matone yasiyotabirika katika miezi ya mwanzo. Swali la iwapo kitanzi kina madhara halitoshi. Yafaa kuulizwa: ni kitanzi kipi, madhara gani, na ni nani aliyeyapima?