Filamu ya Norway yagawa watazamaji: Julie ni mbinafsi au mkweli?

'Verdens verste menneske', yaani Mtu Mbaya Kuliko Wote Duniani, ni filamu ya mapenzi na vichekesho ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Joachim Trier.

Julie, binti wa Oslo anayekaribia miaka 30, anaishi na Aksel, mchora katuni aliyemzidi umri. Aksel anataka watoto, Julie bado. Mwisho anampiga chini na kwenda kwa Eivind.

Hapo ndipo watazamaji hubishana. Wapo wanaomwona mbinafsi, hajui anachotaka. Wengine wanasema bora alivyoondoka kuliko kuzaa ili kumridhisha mtu.

Sehemu inayotajwa sana ni pale mji mzima unapoganda, watu wamesimama kama sanamu, Julie akikimbia kumfuata Eivind. Renate Reinsve, aliyecheza Julie, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes.

Cha ajabu, ndani ya filamu anayetajwa kujiona mtu mbaya kuliko wote ni Eivind, siyo Julie.