Asidi na besi

Asidi na besi ni makundi mawili ya kemikali yenye tabia zinazokinzana. Svante Arrhenius wa Uswidi alieleza kuwa asidi ikiyeyuka majini hutoa ioni za haidrojeni, na besi hutoa ioni za haidroksidi. Mwaka 1923, wanakemia Brønsted na Lowry walipanua maelezo hayo: asidi hutoa protoni (yaani ioni ya haidrojeni), besi huipokea.

Kipimo. Kipimo cha pH, kilichobuniwa na Søren Sørensen wa Denmark mwaka 1909, kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi. Karatasi ya litmasi huwa nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye besi.

Matumizi ya nyumbani. Katika mitaa ya Nairobi kama Kibera na Kawangware, asidi hupatikana katika ndimu, siki na maziwa ya mala, ambayo bakteria huyachachusha kwa kugeuza sukari yake kuwa asidi ya laktiki. Mifano ya besi ni sabuni, majivu na magadi kutoka Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Magadi hulainisha githeri (mchanganyiko wa mahindi na maharagwe) haraka na kuokoa makaa, lakini huharibu vitamini B1.

Mmenyuko na tahadhari. Asidi na besi zikikutana huunda chumvi na maji. Dawa ya kung'arisha nguo kama Jik isichanganywe na asidi ya kusafishia choo, kwani hutoa klorini, gesi yenye sumu.