Burma ya Jogoo Road

Mjomba akisema anapeleka nyama Burma, hakuna mtu hapa Namanga anayeuliza ni Burma gani. Ni soko la nyama pale Jogoo Road, Nairobi. Mimi niliuliza nikiwa mtu mzima tayari, na jibu likanifikisha hadi China.

Mwaka 1937 Japani iliivamia China. Bandari za Wachina zilipotekwa, silaha zikawa zinapitia barabara ya milimani kutoka Lashio, Burma, hadi Kunming. Mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Burma na kuikata barabara hiyo. Burma ilikuwa koloni la Mwingereza, na Mwingereza alikuwa na watu wa kutuma. Watu wenyewe ni sisi.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Alama yao ilikuwa kichwa cha kifaru. Wajapani waliposhindwa Imphal na Kohima katikati ya 1944, vijana hao ndio waliotumwa kuwafukuza kupitia Bonde la Kabaw. Mvua ilikuwa imefungulia. Magari yalizama kwenye matope, malaria ikaangusha watu sawa na risasi. Walisonga tu, na tarehe 2 Desemba wakaiteka Kalewa, kwenye Mto Chindwin. Likajengwa daraja, majeshi yakavuka. Kule kaskazini Wachina na Wamarekani nao walikuwa wanasukuma, na Januari 1945 njia ya kwenda China ikafunguka tena.

Mmoja wa waliokuwa Burma ni Waruhiu Itote, kijana wa Nyeri. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba askari Mwingereza alimwambia yeye anapigania nchi yake, kisha akamuuliza: wewe Mwafrika unapigania nini? Itote hakuwa na jibu.

Alirudi nyumbani akakuta maisha ni yale yale. Wazungu waliotoka vita hivyo hivyo walitengewa mashamba. Yeye akapata kazi ya reli. Basi lile swali akalijibu mwenyewe. Aliingia msitu wa Mlima Kenya na Mau Mau, na huko akaitwa Jenerali China. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, akanusurika.

Shuleni tulifundishwa Jenerali China wa msituni. Burma hatukuambiwa, kana kwamba aliota tu asubuhi moja akajua kupigana. Alikuwa ameshajifunza vita kwa Mwingereza mwenyewe.

Nilipomsimulia mjomba haya yote, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali la mfanyabiashara: "Na hao vijana walilipwa?"

Nikamwambia walilipwa, lakini kidogo kuliko wazungu. Na shamba hawakupewa.

"Kumbe," akasema. Kisha, baada ya kitambo: "Na miaka yote hii mimi nasema tu Burma, Burma."