Yerusalemu iliponusurika, na hekalu lilipoteketea

Mwaka 701 KK jeshi la Ashuru lilitapakaa nchi nzima ya Yuda. Mfalme Hezekia alikuwa amekataa kulipa kodi, naye Senakeribu akaja kumkomesha. Kwenye mche wa udongo wenye pande sita, uliopatikana Ninawi mwaka 1830 na sasa umo katika jumba la makumbusho la British Museum, Senakeribu anajigamba kuwa aliteka miji 46 yenye kuta na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni. Hasemi popote kwamba aliuteka mji huo.

Hezekia hakuanza kwa imani tupu. Alichimba njia ya maji chini ya mwamba, urefu wa mita 533 hivi, kutoka chemchemi ya Gihoni hadi Siloamu. Maandishi yaliyogunduliwa humo mwaka 1880 yanaeleza jinsi makundi mawili ya wachimbaji, kila moja likitokea upande wake, yalivyosikiana sauti kabla ya kukutana. Mfalme alijaribu pia kununua amani: Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasema alitoa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, hata akabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Hayo hayakumwondoa Senakeribu.

Kisha amiri wa Ashuru akaja hadi karibu na ukuta, akapaza sauti kwa Kiyahudi ili askari waliokuwa juu wamsikie. Wakuu wa Hezekia wakamsihi atumie Kiaramu, akakataa. Hoja yake ilikuwa kali. Hezekia alikuwa ameondoa mahali pa juu pa ibada na kuvunja nyoka wa shaba wa Musa. Basi, akauliza, Mungu ambaye madhabahu zake mmezibomoa atawalindaje? Kwa mwandishi wa Wafalme, kubomoa huko ndiko kulikokuwa utii wenyewe. Kisha ikaja barua ya vitisho kutoka kwa Waashuru; Hezekia akaichukua, akaikunjua mbele za Bwana hekaluni, akaomba. Nabii Isaya akamletea neno kwamba adui hataingia. Maandiko yanasema watu 185,000 walikufa kambini usiku mmoja, Senakeribu akarudi Ninawi, na baadaye wanawe wakamuua.

Mji ulikuwa umesalimika, na hapo ndipo hatari nyingine ilipoanza. Wajukuu waliukumbuka wokovu, wakasahau toba iliyoutangulia. Karibu miaka 100 baadaye nabii Yeremia alisimama uani mwa hekalu akasema kwamba jengo halitawalinda watu wanaoiba, wanaoua na kuwaonea wageni, yatima na wajane. Makuhani wakataka auawe. Miongoni mwa waliomtetea walikuwa wazee wa nchi. Wakakumbusha kwamba nabii Mika alitabiri Sayuni kulimwa kama shamba, na Hezekia hakumuua. Alimcha Bwana, na msiba ukaepushwa. Naona hilo ndilo somo la historia lenye akili kuliko yote katika kitabu cha Yeremia: wazee walijua kwamba mji uliponywa na mfalme aliyekubali kukemewa.

Mfalme Yehoyakimu, wa siku za Yeremia, hakukubali. Wala Sedekia, mfalme wa baadaye, hakuwa na uthabiti. Wababeli walipouzingira mji, aliwaachia wakuu wake wamtupe Yeremia katika birika la matope. Aliyemwokoa ni Ebed-Meleki, towashi Mkushi wa nyumba ya mfalme. Alimwendea Sedekia langoni, akapewa watu 30, akachukua matambara makuukuu chini ya hazina, akamwambia nabii ayaweke kwapani ili kamba zisimchubue.

Mwaka 586 KK hekalu liliteketezwa. Kabla ya hapo, Yeremia, akiwa bado amefungwa katika ukumbi wa walinzi, alikuwa ametumwa kwa Mkushi huyo na ahadi: siku ya msiba hataanguka kwa upanga, kwa sababu alimtumaini Bwana.